Kuongoza programu ya ufundi mahali pa wengine: mambo ya kujua juu ya desturi za kazi huku mashariki

Kila mwaka kuko watu wenye wanatumwa kuongoza programu za ufundi katika majimbo yetu: chanjo, maji ya bomba, lishe ya watoto, barabara za mashamba, kupiganisha magonjwa ya kuambukiza. Wengine wanatoka Kinshasa, Kisangani ao Lubumbashi, wengine inchi za kigeni. Wengine tena ni watoto wa hapa, walisomea mbali na sasa wanarudi na cheo. Wote wanafika na mpango wa kazi, bajeti na tarehe ya kumaliza. Kitu chenye hakiandikwi ndani ya mpango ni namna watu wa mahali wanazoea kufanya kazi pamoja.

Makala hii inaeleza ile desturi, wapi inasaidia kazi, wapi inaikwamisha, na mambo gani mkubwa wa programu hapaswi kukubali hata kama anaambiwa kwamba «huku ndiyo namna yetu». Mfano wetu mkubwa ni riposte ya Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, juu ni hapo bei ya kutoelewana kazini ilionekana wazi, na ilihesabiwa kwa makaburi.

Desturi ya kazi ni nini

Desturi ya kazi ni sheria yenye haiko kwenye karatasi lakini kila mtu anaifuata. Nani anasalimia nani kwanza. Nani anaketi mbele katika gari. Mkutano wa saa tatu unaanza kweli saa ngapi. Mfanyakazi mdogo anaweza kumwambia shefu «hapana» mbele ya watu, ao anangoja watoke inje. Mwenzetu akifiwa, nani anaenda kwenye kilio, na anaenda na nini mkononi.

Mtu mwenye alikomalia hapa hajiulizi hayo maulizo. Mgeni anayajua siku amekosea.

Tusichanganye desturi na sheria. Inchi yetu iko na Kodi ya kazi, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, yenye ilibadilishwa kidogo katika mwaka 2016. Kodi inasema kazi ni masaa 45 kwa juma, na masaa 9 kwa siku. Inasema pia mfanyakazi akifiwa na bwana, bibi, mzazi ao mtoto, anapata siku 4 za kazi za kupumzika. Akifiwa na ndugu wa daraja la pili, kama kaka ao dada, siku 2. Wafanyakazi wa serkali wako na sheria yao ingine. Lakini Kodi haisemi kama shefu mwenyewe anapaswa kufika kwenye matanga. Desturi inasema afike. Shefu mwenye anatoa siku 4 na haonekani kwa kilio amefuata sheria, na watu watasema hana utu.

Nani anaamuru nini

Tuchukue upande wa afya, kwa sababu programu nyingi zinapitia hapo. Congo iko na zone za afya 519. Muundo uko na ngazi tatu. Juu kuko wizara kule Kinshasa, na programu za taifa zenye zinaweka kanuni. Katikati kuko Divizioni ya afya ya jimbo, yenye watu wanaita DPS. Chini kuko zone ya afya yenyewe: biro kuu ya zone, hospitali kubwa ya zone, na vituo vya afya, kila kimoja katika eneo lake.

Zone inaongozwa na mganga mkubwa wa zone, MCZ. Kituo cha afya kinaongozwa na mwuguzi mwenye cheo cha IT. Pembeni ya IT kuko komite ya maendeleo ya eneo la afya, CODESA, yenye wakaaji wanakaa ndani, na wale RECO wenye wanapita nyumba kwa nyumba bila mshahara.

Mkubwa wa programu anaweza kuwa na gari mpya, kompyuta na bajeti yenye inapita ya zone mara kumi. Hata hivyo, kwa ngazi ya afya, katika zone yeye ni mgeni wa MCZ. Katika kijiji yeye ni mgeni wa IT na wa shefu wa kijiji. Ndiyo maana siku za kwanza zinapotea kwa kupita kusalimia: kuonyesha karatasi ya misioni, kupigisha stempu, kumwona msimamizi wa teritware ao meya, kumwona mwami ao shefu wa grupema. Watu wengi wenye kutoka mbali wanaona ni kupoteza wakati. Lakini ile stempu iko na maana ya ndani: inasema wenyeji wamekujua, na kama kitu kinakutokea huko mbele, kuko mtu mwenye atajibu juu yako.

Beni na Butembo: wakati ufundi ulikuwa tayari, lakini watu bado

Tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, wizara ya afya ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Wagonjwa wa kwanza wenye walijulikana walikuwa Mangina, katika zone ya afya ya Mabalako, teritware ya Beni. Ulikuwa mlipuko wa 10 tangu ugonjwa ujulikane Yambuku katika mwaka 1976. Juma moja tu mbele yake, tarehe 24 mwezi wa 7, serkali ilikuwa imetangaza mwisho wa mlipuko wa Équateur. Timu zilikuwa na uzoefu wa juzi juzi. Chanjo ya rVSV-ZEBOV ilikuwepo. Kwa upande wa ufundi, hakuna mlipuko mbele ya ule wenye ulianza na vyombo vingi hivyo.

Hata hivyo ulidumu karibu miaka miwili. Ulipotangazwa mwisho, tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, watu 3 470 walikuwa wamegonjwa, 2 287 kati yao walikufa, na 1 171 walipona. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika dunia, nyuma ya ule wa Afrika ya Magharibi.

Usalama mbaya ulikuwa sababu kubwa, na hakuna shefu wa programu mwenye angeumaliza kwa salamu nzuri. Wakaaji wa Beni walikuwa wanauawa tangu mwezi wa 10, 2014. Lakini mambo mengine yalitoka ndani ya namna ya kufanya kazi, na yale yangeweza kuwa tofauti. Tunataja manne.

La kwanza ni *ngazi mbili za amri*. Uratibu wa riposte ulifika na wakubwa wake, magari yake, mikutano yake ya kila asubuhi. Wasimamizi wengi wa zone walijikuta pembeni katika nyumba yao wenyewe: wanaalikwa kwenye mkutano kusikiliza maamuzi. IT mwenye watu wamemwamini miaka kumi na tano anaona wageni wanapita mbele ya kituo chake kwenda kumtafuta mgonjwa wa eneo lake. Siku wakaaji wanamwuliza, «Hawa ni nani?», hana jibu. Mtu mwenye alipashwa kuwa mdhamini wa kazi amekuwa mtazamaji.

La pili ni *pesa*. Riposte ililipa prime ya kila siku yenye ilipita mbali mapato ya wafanyakazi wa kawaida. Hapa inapasa kukumbuka kwamba katika vituo vyetu wauguzi wengi hawajamekanizwa, ni kusema jina lao halijafika kwenye listi ya malipo ya serkali, na wanaishi kwa kile wagonjwa wanaleta. Wauguzi walihama vituo kwenda riposte. Wenye walibaki waliendelea na malaria, uzazi na surua bila nyongeza. Wakaaji walitoa jina: «Ebola biznesi». Hilo jina likishaingia mdomoni mwa watu, mfanyakazi mwenye anasema ukweli juu ya ugonjwa anasikilizwa sawa mchuuzi mwenye anasifu bidhaa yake.

La tatu ni *lugha*. Huko watu wanasema Kinande na Kiswahili. Timu zingine zilisema Kifaransa, ao Lingala, na Lingala huku watu wengi wameizoea kwa mdomo wa askari. Fundi mwenye anaingia katika lupango na watu wenye kuvaa nguo za kujikinga, anasema Lingala, na nyuma yake kuko polisi, hata akileta dawa anaonekana amekuja kukamata.

La nne ni *kuchanganya kazi ya afya na ya siasa*. Mwezi wa 12, 2018, uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo mpaka mwezi wa 3, 2019, na sababu zenye zilitolewa zilikuwa Ebola na usalama. Kesho yake waandamanaji walishambulia kituo cha kuchagua wagonjwa kule Beni. Uamuzi haukuchukuliwa na waganga, lakini ni wao waliulipa.

Mwaka 2019 ulikuwa mgumu. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa 2, siku tatu tu kati ya kimoja na kingine. Tarehe 19 mwezi wa 4, Dokta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun, aliuawa Butembo akiwa kazini. Mwezi wa 11, wafanyakazi wengine 4 waliuawa Biakato na Mangina. Na sisi wa redio za jamii hatusahau Papy Mumbere Mahamba wa Lwemba, katika Ituri, mwenye alikuwa anasema juu ya Ebola kwenye redio. Aliuawa nyumbani kwake mwezi huo huo wa 11.

Nini kilibadilishwa

Marekebisho yalianza mbele ya mwisho, na mengi yalitoka kwa kusikiliza malalamiko ya watu.

Mazishi ni mfano mzuri. Kwa watu wa huku, maiti inapasa ionekane na ndugu. Mfuko wenye haupitishi macho ulizaa uvumi kwamba ndani hakuna mtu, ao viungo vimekatwa. Timu za mazishi zikaanza kutumia mifuko yenye inaonyesha uso. Kanuni ya kutogusa maiti haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mama aliweza kumwona mtoto wake mara ya mwisho. Katika matibabu pia, vyumba vya plastiki yenye kupitisha mwangaza vilifanya ndugu waone mgonjwa wao na wasemeshane naye bila kuambukizwa.

Mwezi wa 7, 2019, uongozi wa ufundi wa riposte ulipewa Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwenye alikuwa Yambuku katika mwaka 1976 na Kikwit katika mwaka 1995. Mwezi uliofuata majaribio ya dawa yalionyesha kwamba mbili zinaokoa watu wengi zaidi. Moja kati yazo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu mwenye aliponea Kikwit. Ujumbe kwa jamaa ukawa mwingine: kuja mapema ni kupona.

Kisha angalia nyuma yake. Tarehe 7 mwezi wa 2, 2021, Ebola ilirudi upande wa Butembo, katika zone za Biena, Butembo, Katwa na Musienene. Safari hii timu za jimbo na za zone ndizo zilikuwa mbele tangu siku za kwanza, na wageni walikuja kuwasaidia. Ilimalizika tarehe 3 mwezi wa 5 na wagonjwa 12, na 6 kati yao walikufa. Mwezi wa 10 mwaka huo huo ikatokea Beni: wagonjwa 11, vifo 9, na mwisho ukatangazwa tarehe 16 mwezi wa 12. Hatuwezi kusema ni uongozi wa wenyeji peke yake ulifanya tofauti, juu watu wengi walikuwa wamekwisha chanjwa, zaidi ya 300 000 katika ule mlipuko mkubwa, na ugonjwa ulikuwa umejulikana. Lakini uongozi huo haukuzuia ufundi. Kinyume chake, uliupatia miguu.

Desturi zenye utakuta kazini

Haya yanafaa kwa mtu wa programu yoyote, si ya Ebola tu.

*Salamu.* Asubuhi mtu anasalimia kila mmoja, kwa mkono kama hakuna ugonjwa, na anauliza habari ya nyumbani mbele ya kuuliza raporti. Mlinzi, mwenye kufagia na shofere wanahesabu kama wengine. Mkubwa mwenye anapita moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta yake atasemwa kwamba ana kiburi, na kiburi huku ni kosa lenye haliandikiwi barua lakini linalipwa. Mtu mzima anaitwa Papa ao Mama, na cheo kinaongezwa: Papa IT, Mama Dokta. Kijana mwenye anaongoza wazee asione haya kuwaita hivyo. Cheo chake hakipunguki.

*«Ndiyo, shefu».* Hii ndiyo mtego mkubwa kwa wenye kutoka mbali. Katika mkutano, ukiuliza kama kazi itamalizika siku ya posho, watajibu ndiyo. «Ndiyo» hiyo inaweza kusema: tumekusikia. Haisemi lazima: tutafanya. Kumpinga mkubwa mbele ya watu ni kumvua nguo. Kwa hiyo ukweli unafika kwa njia zingine: jioni, kwa kutembea pamoja mpaka barabarani, kwa mdomo wa mzee wa kazi, ao kwa simu ya mtu wa tatu. Dawa yake ni mbili. Uulize ulizo lenye halijibiwi kwa ndiyo: «Nini kinaweza kutuzuia siku ya posho?» Na utafute mapema yule mzee wa biro mwenye watu wanamtuma, umheshimu, umsikilize bila kumfanya mpelelezi wako.

*Karatasi.* Mkutano bila prosè-verbali ni mkutano wenye haukufanyika. Amri ya mdomo, hata ya WhatsApp, mfanyakazi atangoja ithibitishwe kwa barua, hasa ikigusa pesa, gari ao mafuta. Si uvivu. Mtu wa serkali anajua kwamba siku ya ukaguzi ataulizwa saini, na shefu mwenye alimwamuru kwa mdomo atakuwa amehamishwa kitambo.

*Pesa na uwazi.* Watu wanaweza kuvumilia prime ndogo. Chenye hawavumilii ni kutojua. Andika nani anapata nini, kwa siku ngapi, na lini inaisha, ubandike kwa ukuta ao usome mbele ya wote. Ongea na MCZ mbele ya kuweka kiasi, kusudi usinyang'anye vituo wauguzi wao. Na ukilipa wenye kutoka mbali bei ingine kwa kazi ile ile, ujue kwamba jambo hilo litajulikana mbele ya siku mbili.

*Kilio na sherehe.* Biro nyingi ziko na sanduku la kusaidiana, na wafanyakazi wako na likelemba yao. Mkubwa anaombwa mchango wake, na anaingia kwenye listi sawa wengine. Kama hawezi kufika kwa matanga, anatuma mtu na neno. Panga kalenda ya kazi kwa kujua kwamba siku ya maziko ya mfanyakazi, biro itakuwa nusu tupu.

*Ndugu na kabila.* Ukiajiri watu watano na wanne wanasema lugha moja, sababu zako nzuri hazitasikiwa. Tangaza nafasi kwa redio na kwa kibao cha zone, weka mtihani wa kuandika, na waite CODESA ao shirika la raia waangalie. Na mkubwa mwenye ni mtoto wa hapa anabanwa zaidi ya mgeni, juu wajomba wanajua mlango wake. Kwake utaratibu wa wazi ni kinga: anaweza kusema «si mimi nachagua, ni mtihani».

Mambo yenye hayapatanishwi

Kuingia katika desturi si kukubali kila kitu. Kuko mambo ya aina mbili yenye mkubwa wa programu anashika kwa nguvu.

Aina ya kwanza ni ya ufundi wenyewe. Chanjo za kawaida zinakaa kati ya digri 2 na 8; ile ya Ebola iliombwa ibaridishwe mpaka chini ya digri 60 chini ya zero. Friji haijui mwami wala jenerali. Mtu mwenye aliguswa na mgonjwa wa Ebola anafuatwa siku 21, si 15 kwa sababu kuko sikukuu. Mwisho wa mlipuko unatangazwa nyuma ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Mambo haya unayaeleza, unayarudilia kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, lakini huyapunguzi. Chenye unaweza kubadilisha ni nani anapita nyumbani, saa ngapi, kwa mguu ao kwa gari, na kwa maneno gani. Ziara ya RECO mwenye kujulikana, bila kelele ya magari matatu, inatimiza zile siku 21 vizuri zaidi.

Aina ya pili ni ya haki. Tarehe 28 mwezi wa 9, 2021, tume huru yenye iliundwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, ilitoa raporti juu ya unyanyasaji wa ngono wakati wa riposte. Ilitaja washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Wanawake wengi walieleza jambo moja: waliahidiwa kazi, ao walitishwa kuipoteza, kusudi wakubali kulala na mwenye mamlaka. Wako wenye walibeba mimba. Kuko watu wenye watasema kwamba ni maisha, kwamba kila mahali kuko hivyo. Hapana. Hiyo si desturi ya kazi, ni kosa, na mkubwa wa programu anaulizwa hata kama si yeye aliyelifanya. Anapaswa kuweka mbele ya kuajiri mtu wa kwanza: mtihani wenye hautegemei mtu mmoja, mwanamke katika kila jopo, nambari ya kulalamika yenye haipiti kwa shefu wa timu, na kujibu kweli yule mwenye amelalamika.

Ndani ya aina hii weka pia asilimia yenye wengine wanakata juu ya prime ya wadogo, majina ya watu wenye hawako kwenye listi ya malipo, na hesabu za chanjo zenye zinatungwa ndani ya biro. Ukifumba macho mwezi wa kwanza «kusudi uzoee», mwezi wa tatu huwezi kuyafumbua tena, juu na wewe umekwisha saini.

Miezi mitatu ya kwanza

Mwezi wa kwanza ni wa kusikiliza. Pita kwa wenye mamlaka kwa utaratibu wa ngazi. Tembelea vituo pamoja na mtu wa zone, ukae katika kimoja siku nzima, uone saa ngapi kazi inaanza kweli na kwa nini. Mwuguzi mwenye anafika saa nne pengine amechelewa, pengine ametoka kwa shamba lenye linamlisha kwa kuwa mshahara haufiki. Ni mambo mawili, na dawa yao si moja. Uliza programu ya mbele yako iliacha nini, na deni gani kwa watu. Deni za mtangulizi utaulizwa wewe.

Mwezi wa pili ni wa kupatana. Andika pamoja na timu kanuni chache: saa ya mkutano, njia ya raporti, matumizi ya gari, malipo. Chache, lakini zikufunge na wewe. Kama umesema gari haliendi kwa sherehe, lisiende kwa sherehe yako. Tafuta kitu kimoja kidogo chenye kimewachosha watu kitambo, kama taa ya chumba cha uzazi ao saini zenye zinachelewa, na ukitengeneze. Watu wataamini mipango yako mikubwa wakiona umemaliza kidogo.

Mwezi wa tatu, rudi kwa wale wenye ulisikiliza na uwaambie ulifanya nini na maneno yao, na nini hukuweza, na kwa sababu gani. Hapa ndipo wengi wanaanguka: wanachukua malalamiko kwenye daftari na hawarudi. Mkaaji mwenye ameulizwa mara tatu bila jibu hatasema mara ya nne.

Kwa wakaaji na wafanyakazi

Si mgeni peke yake mwenye kazi ya kuzoea. Timu yenye inapokea shefu mpya inaweza kumsaidia kwa kumwambia mapema vile vitu ambavyo vinaonekana wazi kwetu, ao kumwacha aanguke ili tucheke. Tukimwacha aanguke, chanjo ndiyo inachelewa, na mtoto mwenye anakosa chanjo ni wetu. Katika mwaka 2019, wakati macho yote yalikuwa kwa Ebola, surua iliua watu wengi zaidi katika inchi yetu: ilipofika mwanzo wa mwaka 2020 vifo vilikuwa vimepita 6 000, wengi wao watoto.

Wakaaji wako na haki ya kuuliza kila programu mambo haya, kupitia CODESA ao shefu wao: inafanya nini, kwa muda gani, inaajiri kwa njia gani, lalamiko linapelekwa wapi, na nini kitabaki siku magari yataondoka. Ni maulizo ya heshima, na mkubwa mwenye amejipanga vizuri atafurahi kuyajibu.

Na kwa mkubwa wa programu, kuko alama moja ya kujua kama ameingia kweli katika kazi ya mahali. Si vile watu wanamsifu kwenye mkutano. Ni siku gani habari mbaya inamfikia. Kama anasikia juu ya friji yenye imekufa nyuma ya majuma mawili, katika raporti, bado yuko mgeni. Kama IT anampigia simu usiku ule ule na kusema, «Papa, huku kuko shida», anaweza kuanza kufanya kazi.